Magari mawili, zama mbili na ufunguo mmoja

Ukatibu wa kamati ya msikiti umetuzoesha kazi mbili: kuandika maneno ya watu kama walivyoyasema, na kuwapatanisha watu hao baada ya kusemana maneno hayo hayo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, tulipofika Michigan, nchini Marekani, kuhudhuria harusi ya binti wa mjomba wetu, hatukustaajabu kuona kwamba kabla begi letu halijafunguliwa tumekwisha kukabidhiwa kadhia ya kuitatua. Tulichostaajabia ni kuwa kadhia yenyewe ilihusu gari.

Mjomba wetu ana umri wa miaka 76. Aliondoka Tanga angali kijana, akafanya kazi zaidi ya miaka thelathini katika kiwanda cha vipuri karibu na Detroit, na huko huko akaoa, akazaa na akastaafu. Katika banda lililo nyuma ya nyumba yake amehifadhi Ford Mustang ya mwaka 1964, ya rangi ya buluu, ambayo aliinunua ikiwa imechoka kabisa, akaifufua kwa mikono yake mwenyewe, skrubu baada ya skrubu. Binamu yetu, mwanawe wa kiume, ndiye aliyetupokea uwanja wa ndege, na njiani alitufungulia moyo kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya kule. Alisema baba yake amefanyiwa upasuaji wa jicho, usiku haoni vizuri, na katika mwaka ule amekwisha kuikwaruza nguzo ya lango mara mbili. Tena gari lenyewe halina mifuko ya hewa wala mikanda ya begani, na usukani wake ni mzito, hausaidiwi na chochote isipokuwa misuli ya dereva.

"Nikimwambia mimi anaona namdharau," alisema. "Wewe ni mtoto wa dada yake, tena ni katibu. Mwambie anipe ufunguo."

Tulikubali upesi mno. Usiku ule, badala ya kulala, tulitayarisha hotuba yenye utangulizi, hoja tatu na hitimisho, kama tunavyotayarisha taarifa ya mwaka ya kamati.

Kosa letu tulilifanya siku ya pili, wakati wa chakula cha usiku. Binamu yetu, akitaka kuufungua mlango wa mazungumzo kwa mzaha, alisema kwamba gari la baba ndilo dhaifu kuliko ndugu zake wote. Kwa insafu, takwimu zilikuwa upande wake. Mustang ilipozinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, bei yake ilianzia dola 2,368, na mnunuzi aliachiwa achague injini kwa kadiri ya mfuko wake. Haukupita muda mrefu ikapatikana injini ya silinda 8 yenye nguvu za farasi 271, iliyoweza kulitoa gari kwenye kusimama na kulifikisha kilomita 96 kwa saa kwa muda wa sekunde 8 hivi. Gari la mjomba ni lile la mwanzo kabisa, la bei ya chini, lenye silinda 6 na nguvu za farasi 101 tu. Injini hiyo ilitumika kwa miezi michache ya mwanzo, kisha nafasi yake ikachukuliwa na nyingine kubwa zaidi.

Mjomba hakucheka. Alimtazama mwanawe, akasema, "Nilipokuwa na umri wako nilikuwa na nyumba na watoto wawili, na kila mwezi natuma pesa Tanga. Wewe hadi leo ni mpangaji."

Meza nzima ikanyamaza. Hapo sisi tukaona zamu yetu imefika, tukatamka, kwa sauti ya mtu anayejiona ana hekima, kwamba kila kitu kina zama zake. Tulikusudia kumtetea kijana, kwamba asihukumiwe kwa bei za nyumba za miaka ile. Lakini neno likishatoka huenda linakotaka. Mjomba akalirudisha tonge sahanini.

"Mjomba," alituambia, maana kwetu pwani mjomba na mpwa huitana kwa jina moja, "kwa hiyo na mimi zama zangu zimepita?"

Hatukuwa na jibu. Alinawa, akatoka kwenda bandani, na kwa kitambo tukasikia mlango wa gari ukifunguliwa na kufungwa, bila ya injini kuwashwa.

Asubuhi yake mkaza mjomba ndiye aliyetuokoa. Alisema nyumba imejaa wapambaji wa harusi, wanaume wote watoke, wasirudi kabla ya alasiri. Binamu yetu akapendekeza Dearborn, mji ulio jirani na Detroit, yalipo makao makuu ya kampuni ya Ford, na lilipo jumba la makumbusho lenye jina la Henry Ford. Ubavuni mwa jumba hilo kuna kijiji cha makumbusho kiitwacho Greenfield Village, na humo wageni hupandishwa hadi leo kwenye magari ya Ford Model T, ambayo yanatembea kweli kweli. Mjomba alikuwa ameishi karibu na mahali pale miaka yote ile na hajawahi kulipanda hata mara moja. "Mambo ya watalii," alisema. Lakini alikwenda, na alipofika alikaa mbele, kando ya dereva, kama mtu aliyekwenda kukagua.

Ndugu msomaji, Model T ndiyo iliyoifanya Marekani kuwa nchi ya magari. Ilianza kuuzwa Oktoba 1908 na ikaendelea kuundwa hadi Mei 1927, na kwa muda huo yalitoka magari zaidi ya milioni 15 ambayo injini na gia zake, kwa asili yake, hazikubadilika. Ukiitazama kwa jicho la leo utaiona kama kibanda kilichowekwa juu ya magurudumu ya baiskeli. Dereva, mzee mwenye kofia ya kizamani, alitueleza namna inavyoendeshwa, na mjomba aliuliza maswali kuliko wageni wote.

Chini ya usukani kuna pedali tatu, na mtu aliyejifunza gari la leo hudhani anazijua. Ya kushoto, ukiikanyaga hadi mwisho, hutia gia ndogo. Ukiiachia kabisa, na kijiti cha mkono kikiwa mbele, hutia gia kubwa. Katikati ya hapo gari huwa huru. Ya kati ni rivasi. Ya kulia ni breki, nayo haikamati magurudumu bali hukamata ndani ya gia. Mafuta hayakanyagwi. Huongezwa kwa kidole, kwa kijiti kidogo kilicho upande wa kulia wa usukani, ilhali kijiti cha upande wa kushoto huiwahisha au kuichelewesha cheche ya plagi. Gia za kwenda mbele ni mbili tu.

Tulikuwa tumekaa nyuma, tukawa tunautazama mguu wa kulia wa mjomba. Kila gari lilipokaribia kona, mguu ule ulikanyaga sakafu. Safari ilipokwisha alishuka polepole, akasimama akilitazama gari, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Miaka hamsini na tano naendesha. Wakinikalisha kiti kile, nitamgonga mtu kabla ya kona ya kwanza. Si kwamba miguu yangu haijui. Inajua sana, lakini inajua mambo mengine."

Binamu yetu alitutazama, nasi tukamtazama, na hakuna aliyethubutu kutia neno.

Tulikwenda kukaa kwenye benchi, na kwa kuwa katibu hatembei bila daftari, tukaanza kuandika hesabu ya magari yale mawili, huku mjomba akitusahihisha. Hesabu ile ilituvunjia dhana tuliyokuwa nayo. Tulidhani gari la mwaka 1964 lina nguvu zaidi kwa sababu injini yake ni kubwa zaidi. Kumbe sivyo. Injini ya Model T ina ujazo wa inchi 177, yaani lita 2.9. Injini ya Mustang ya mjomba ina ujazo wa inchi 170, yaani lita 2.8. Ile kongwe ndiyo kubwa! Pamoja na hayo, kongwe inatoa nguvu za farasi 20, na ya mjomba inatoa 101, mara tano kamili na zaidi kidogo.

Tukamwuliza mjomba, hizo mara tano zimetoka wapi? Hapo uso wake ulifunguka kwa mara ya kwanza tangu usiku wa jana. Alichukua kalamu kutoka mkononi mwetu.

Alisema tuanze na mzunguko. Model T hutoa nguvu zake zote injini ikizunguka mara 1,600 kwa dakika. Ya kwake hutoa ikizunguka mara 4,400, ambayo ni karibu mara tatu. Basi hata kama kila mzunguko ungekuwa na nguvu sawa, tayari umekwisha kupata mara tatu. Kilichobaki ni kwamba kila mzunguko wa injini ya Mustang una nguvu karibu mara mbili ya ule wa Model T, nayo hiyo ina sababu zake. Moja ni mgandamizo. Ndani ya Model T mchanganyiko wa hewa na petroli hugandamizwa hadi robo ya ujazo wake wa awali, au pungufu kidogo ya hapo. Ndani ya Mustang ile hugandamizwa kupita sehemu moja ya nane. Moto wa kitu kilichogandamizwa husukuma pistoni kwa nguvu zaidi. Nyingine ni pumzi. Vali za Model T zimekaa ubavuni mwa silinda, na hewa hulazimika kuingia kwa kona. Vali za Mustang zimekaa juu, na hewa hushuka moja kwa moja.

"Basi walikuwa wajinga?" aliuliza binamu yetu. Aliuliza kwa unyofu, na sisi tulikuwa na swali hilo hilo.

Mjomba alitikisa kichwa. Alisema petroli ya mwaka 1908 ilikuwa duni, na lau ungeigandamiza kama inavyogandamizwa leo, ingelipuka kabla ya wakati wake na kuivunja injini. Mgandamizo mdogo ndio ulioifanya Model T iweze kunywa chochote inachopewa, hata mafuta ya taa kwa shida. Ilikuwa gari la mkulima aliye mbali na duka na mbali zaidi na fundi. Halina pampu ya mafuta: tangi liko chini ya kiti, lenye galoni 10, na petroli hushuka kwa uzito wake yenyewe hadi kwenye kabureta. Ndiyo maana kwenye mlima mkali, tangi likikaribia kwisha, petroli hukataa kufika mbele, na dereva hugeuza gari akapanda kwa rivasi. Mtu wa leo atacheka, lakini pampu isiyokuwepo haiharibiki njiani.

Mzee dereva, aliyekuwa amekuja kupumzika karibu nasi, aliongeza habari ya handeli. Kabla ya mwaka 1919 Model T haikuwa na stata ya umeme. Mtu alisimama mbele ya gari na kuizungusha injini kwa mkono, na akisahau kwanza kuichelewesha cheche, handeli hurudi nyuma kwa kishindo na kumvunja mkono. Mjomba alikubali kwa kichwa, akasema hata Tanga utotoni mwake aliwahi kuona malori yanapigwa handeli, na utingo alijua vyema namna ya kuweka kidole gumba ili asivunjike.

Kisha tuliingia ndani ya jumba la makumbusho, na huko tulilikuta gari la pili la hesabu yetu, kwa heshima yake yote: Mustang nyeupe ya juu wazi, yenye namba ya kwanza kabisa ya mfululizo. Kisa chake kinapendeza. Haikukusudiwa kuuzwa mapema, lakini ilifika kwa muuzaji mmoja huko Newfoundland, Kanada, na rubani aitwaye Stanley Tucker akaiona na kuinunua. Kampuni ilipotaka kuirudisha, hakuwa na haraka ya kuiachia. Aliiendesha kama miaka miwili, mpaka mwaka 1966 alipokubali kuibadilisha kwa Mustang ya milioni moja. Milioni moja, ndugu msomaji, kwa muda usiotimia miaka miwili! Mjomba alisimama mbele ya gari lile muda mrefu, mikono nyuma. "Huyu naye alikataa kutoa ufunguo," alisema, na kwa mara ya kwanza mwanawe alicheka pamoja naye.

Ilibaki sisi tujiulize swali tulilokuwa tukilikwepa: kati ya hayo mawili, lipi lililofanya kazi yake vizuri zaidi? Ukiuliza mwendo, jibu ni jepesi. Model T hufika kilomita 65 hadi 72 kwa saa, na hapo hutetemeka yote. Mustang ya mjomba, iliyo dhaifu kuliko ndugu zake, hupita kilomita 130 na dereva angali anazungumza. Ukiuliza nguvu kwa uzito, Model T nyepesi ina kama kilo 540, kwa hiyo kila nguvu moja ya farasi inabeba kilo 27; Mustang ina kama kilo 1,100, na kila farasi wake anabeba kilo 11 tu. Hesabu zote zinampa ushindi kijana.

Lakini mwaka 1908 sehemu kubwa ya Marekani ya mashambani haikuwa na barabara za lami. Ilikuwa na njia za mikokoteni, na mvua ikinyesha zilikuwa tope hadi kwenye ekseli. Model T ilijengwa kwa njia hizo: imeinuka juu, magurudumu yake ni marefu na membamba, na springi zake mbili zimelazwa kwa upana, moja mbele na moja nyuma, hata gurudumu moja likitumbukia shimoni gari hujipinda bila ya kuvunjika. Wakulima waliliinua gurudumu la nyuma, wakafunga mkanda, wakaitumia injini kupasulia kuni na kusagia nafaka. Iteremshe Mustang katika njia zile, itakaa juu ya tumbo lake kabla ya adhuhuri. Mustang nayo ilikuja miaka minane baada ya sheria ya mwaka 1956 ya kujenga barabara kuu za taifa zima, ilhali petroli imekuwa bora na vijana waliozaliwa baada ya vita wamefikia umri wa kununua gari. Ipeleke Model T katika barabara hizo, itakuwa hatari kwa aliyemo na kwa anayemfuata.

Fauka ya hayo, kuna kipimo kingine ambacho injini haikionyeshi. Model T iliingia sokoni kwa dola 850, na kufikia mwaka 1925 ile ya bei ya chini ilikuwa imeshuka hadi dola 260. Mwaka 1914 kampuni ilikuwa imetangaza ujira wa dola 5 kwa siku. Kwa ujira huo, gari la dola 260 ni kazi ya siku 52. Aliyeliunda aliweza kulinunua. Huo nao ni utendaji, tena mkubwa.

Chuoni tulifundishwa elimu ya kiyasi, na mwalimu wetu alikuwa mkali kuliko wote kwenye nukta moja: huwezi kulipima jambo kwa jambo jingine mpaka kwanza uthibitishe kwamba illa yake, yaani sababu inayoyafunga pamoja, ni moja. Ukipima vitu viwili huku umeificha tofauti iliyo baina yao, umefanya kiyasi chenye tofauti ndani yake, nacho huporomoka. Tuliiandika kanuni hiyo, tukafanyia mtihani, tukapata alama nzuri. Kisha tukaketi kwenye meza ya mjomba, tukamsikia baba akimpima mwanawe kwa bei za nyumba za miaka arubaini iliyopita, na mwana akimpima baba kwa nguvu za farasi, na sisi wenyewe tukampima mzee kwa saa ya ukutani. Watu watatu, kiyasi tatu, na zote mbovu. Iliyo mbovu zaidi ilikuwa yetu, maana sisi ndio tuliosomeshwa.

Wakati wa kurudi mjomba aliomba tupitie Highland Park. Hapo pana majengo ya kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1910, ambamo mwaka 1913 ulianzishwa mstari wa kuunganisha magari yakiwa yanatembea. Kazi ya kuunganisha fremu moja, iliyokuwa ikichukua saa 12 na nusu hivi, ikashuka hadi saa moja na nusu. Ujira ule wa dola 5 ulivuta watu kutoka kila pembe, wakiwemo Waislamu wengi kutoka Syria na Lebanon. Mwaka 1921, si mbali na kiwanda, walifungua msikiti, nao unahesabiwa kuwa wa kwanza katika nchi ile kujengwa kwa ajili ya kusalia. Haukudumu, miaka michache baadaye ulifungwa. Kazi zilipohamia kiwanda kikubwa cha Rouge, kilichoko Dearborn, watu nao walihamia huko, na leo mji huo unajulikana kwa jamii yake kubwa ya Waarabu na Waislamu.

Mjomba aliyaangalia majengo yale kwenye dirisha la gari. "Wale hawakuiona Dearborn ya leo," alisema. "Walikwenda na Model T yao mpaka ilipoishia. Aliyekuja nyuma alianzia pale." Hakusema zaidi, wala hatukumwuliza.

Siku tatu baada ya harusi, wageni walipokwisha kuondoka, alituita bandani sote wawili. Ufunguo ulikuwa kiganjani mwake. Hotuba yetu yenye hoja tatu tulikuwa tumekwisha kuichana.

"Unajua gia za mkono?" alimwuliza mwanawe.

Binamu yetu akainamisha kichwa. Maisha yake yote ameendesha magari yanayojibadilishia gia yenyewe. Yule aliyeliita gari lile dhaifu hakuweza kulitoa bandani.

"Basi siku utakayolitoa hapa mpaka barabarani bila kulizima, ufunguo ni wako," alisema mjomba. "Na mpaka siku hiyo halitoki, si kwa mkono wako wala kwa mkono wangu." Maneno ya mwisho aliyasema akitazama pembeni, nasi tukafahamu yamemgharimu kiasi gani.

Akazunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akakaa. Tulisimama langoni tukitazama. Gari la silinda 6, gia tatu, lilirukaruka kama chura na kuzima. Likawashwa tena, likazima tena. Gia ya kwanza ya gari lile haikubali kuingizwa wakati gari linatembea. Lazima usimame kabisa kwanza. Tulimsikia mjomba akirudia, bila ya hasira hata chembe, "Simama, baba. Simama kwanza, ndipo uanze." Hatukuwa tumemsikia akimwita mwanawe "baba" tangu tufike.

Ndugu msomaji, hatudai kwamba kila nyumba yenye mzee na ufunguo itamaliza kadhia yake kwa siku moja ya makumbusho. Wako wazee wanaostahili kuambiwa waziwazi, na wako watoto wanaochelewa kusema mpaka msiba uwatangulie. Binamu yetu alikuwa na haki kuhofia. Tunalokiri ni letu: tulikwenda na hukumu iliyokwisha kuandikwa kabla ya kuwasikiliza wenye kadhia, jambo ambalo kama angelifanya mjumbe wa kamati yetu tungelipinga kikaoni na kulitia kwenye kumbukumbu.

Miezi mitatu baada ya kurudi nyumbani tulipigiwa simu. Binamu yetu alisema amempeleka baba yake sala ya Ijumaa kwa Mustang, kwenda na kurudi, na imezima mara moja tu, kwenye taa za barabarani, magari yakipiga honi nyuma. Tukamwuliza hali ya mzee kwenye kiti cha abiria. Akacheka. Alisema hakutia neno njia nzima, ila kila wakikaribia kona, mguu wake wa kulia bado unakanyaga sakafu.